Programu ipi ya bure ya kusomea nyaraka inaifaa kompyuta ya nyumbani yenye nguvu ndogo?

Mwalimu wa Wete

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu programu ya bure ya kusomea nyaraka kwenye kompyuta ya nyumbani, na nitaeleza hali yetu kwa urefu kidogo ili atakayejibu asilazimike kukisia.

Tuna kompyuta moja ya mezani yenye Windows 10 na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 2, nayo tunaitumia sote: mimi kwa maandalio ya masomo ya skuli, watoto kwa mitihani ya kidato cha nne ya miaka iliyopita, na mama yao kwa vitabu vya dini vya Kiarabu alivyowekewa kwenye flashi na mwalimu wake wa chuoni. Karibu vyote ni mafaili ya PDF. Programu tuliyowekewa dukani siku tuliponunua mashine huchelewa sana kufunguka, kisha hutupokea kwa dirisha la kututaka tujisajili, na tukilifunga hilo huja jingine la kututaka tulipie huduma ambazo hatuna haja nazo. Mtoto akifungua mtihani wa pili kabla ya kuufunga wa kwanza, mashine nzima huganda mpaka tuizime.

Ninachotafuta ni chombo cha kusomea tu. Kifunguke upesi, kifanye kazi bila ya intaneti kwa sababu bando letu ni la simu na tunalipima, kisije kikadai malipo baada ya mwezi mmoja, na kiweze kutafuta neno ndani ya kitabu kirefu. Hilo la kutafuta neno ndilo linalonitatiza zaidi, kwani katika baadhi ya vitabu vya zamani ninaliona neno kwa macho yangu kwenye ukurasa, nikiliandika kwenye kisanduku cha kutafutia ninajibiwa kwamba halimo. Sijui kama kosa ni la programu au la kitabu. Na mwisho, zipo fomu za maombi ambazo hutakiwa zijazwe na kurudishwa kwa barua pepe; je, programu hiyohiyo ya kusomea inaweza kuzijaza?

Mama wa Machomane

Wa alaykum salaam Mwalimu. Kabla hujapakua chochote, jaribu kivinjari ulicho nacho. Firefox ina kisomaji cha PDF ndani yake tangu mwaka 2013, na Edge iliyokuja na Windows nayo inafungua PDF. Huhitaji intaneti kwa kazi hiyo, maana faili liko ndani ya mashine yako. Fungua Firefox, bonyeza Ctrl na O kwa pamoja, chagua faili, nalo litafunguka hapohapo. Kwangu hapa Chake ndivyo tunavyosoma, na hatujawahi kulipa wala kujisajili popote. Ila ukiwa na kurasa nyingine za intaneti zilizofunguliwa wakati huohuo, kwa RAM uliyoitaja utauona uzito, kwa hiyo zifunge kwanza.

Fundi wa Mlandege

Mwalimu, ushauri wa Mama wa Machomane ni sahihi kwa mtu anayesoma waraka mmoja mmoja. Kwa nyumba ambayo watu kadhaa wanasoma vitabu virefu kila siku, mimi ningeweka SumatraPDF, nami nitaeleza sababu kwa sababu wateja wengi wanaokuja dukani wanaamini kuwa PDF haiwezi kufunguliwa ila kwa programu ya kampuni moja tu. Muundo wa PDF ulianzishwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, lakini tangu mwaka 2008 ni kiwango cha kimataifa kinachojulikana kama ISO 32000, na mtu yeyote mwenye ujuzi ana ruhusa ya kutengeneza kisomaji chake. Ndiyo maana wapo wengi, na tofauti yao kubwa ni mizigo waliyobeba. Programu inayokuchelewesha wewe huenda imebeba ndani yake vifaa vya kuhariri, vya kutia saini, vya kutuma mafaili kwenye hifadhi ya mtandaoni na vya kukukumbusha ulipie hayo yote, na mashine yako hulazimika kuuamsha msafara mzima huo kwa ajili ya mtihani wa kurasa nane.

SumatraPDF ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2006, na mtengenezaji wake, Krzysztof Kowalczyk, ameendelea kuishikilia kuwa programu ndogo ya kusomea. Ni ya Windows tu. Haina matangazo, haina kipindi cha majaribio, haikuombi barua pepe, na msimbo wake uko wazi chini ya GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuutumia na kuugawa, kwa hiyo hakuna siku itakayokugeukia ikadai malipo. Mbali na PDF inafungua pia EPUB, MOBI, XPS na DjVu, na hii ya mwisho nimeitaja kwa makusudi kwa sababu vitabu vingi vya zamani vilivyopigwa skani vilihifadhiwa kwa muundo huo. Inakumbuka ukurasa ulioishia, kwa hiyo mama watoto akifunga kitabu leo na kukifungua kesho atarejeshwa palepale alipoachia. Vitufe vinavyotosha kuanzia ni vichache: Ctrl na F kwa kutafuta neno, Ctrl na G kwa kuruka kwenda ukurasa unaoutaka, Ctrl na 2 kwa kuutanua ukurasa ujaze upana wa kioo, na F12 kwa kuitoa orodha ya sura pembeni kama kitabu kinayo.

Sasa nije kwenye vitabu visivyotafutika, kwani hapo ndipo penye jambo la kuelewa, na kosa si la programu. Ndani ya PDF ukurasa unaweza kuwa wa namna mbili. Namna ya kwanza ni maandishi halisi: aliyeandika alitumia kompyuta, na faili linajua kwamba hapa pana herufi a na pale pana herufi b. Namna ya pili ni picha: mtu alichukua kitabu cha karatasi, akakipitisha kwenye skana au akakipiga picha kwa simu, na faili halijui herufi hata moja, linajua nukta nyeusi na nyeupe tu. Wewe unasoma neno kwa sababu una macho na umesoma. Programu inatafuta herufi na haizikuti. Kupambanua ni rahisi. Weka kishale mwanzo wa mstari, ushikilie kitufe cha kushoto cha mausi, uvute mpaka mwisho wa mstari. Maneno yakibadilika rangi moja moja, hayo ni maandishi. Usiposhika hata herufi moja, au ukishika ukurasa wote kwa mkupuo, hiyo ni picha.

Namna hii ya pili ndiyo pia inayoigandisha mashine yako. Karatasi ya A4 iliyopigwa skani kwa nukta 300 kwa kila inchi ina nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu, yaani karibu nukta milioni 8.7, na ikiwa ni ya rangi kila nukta huhitaji baiti 3. Maana yake ni kwamba ukurasa mmoja tu, ukishakunjuliwa ndani ya RAM ili uonekane, unachukua megabaiti 26 hivi, hata kama faili lote likiwa kwenye diski linaonekana dogo kwa sababu limebanwa. Ukurasa huohuo ukipigwa skani kwa nyeusi na nyeupe tupu unachukua megabaiti moja na kitu. Kwa hiyo, Mwalimu, ukienda kupiga skani maandalio yako dukani, mwambie anayekuhudumia aache rangi pale ambapo rangi haina kazi. Utakuwa umewapunguzia mzigo wote watakaolifungua faili lako baadaye, nao hawatajua nani wa kumshukuru.

Mwalimu wa Wete

Fundi, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Jaribio la kuvuta kishale nimelifanya hivi sasa kwenye kitabu cha historia kilichonisumbua, na kweli hakishiki hata herufi moja, ilhali mtihani wa hesabu umeshika vizuri. Je, ipo njia ya kukifanya kitabu cha picha kiwe cha kutafutika? Na naomba pia mnijibu kuhusu fomu, na kuhusu vitabu vya Kiarabu, kwani mama watoto anapenda kuziona kurasa mbili kwa pamoja kama kitabu kilichofunuliwa, na kwa programu ya sasa ukurasa wa pili unakaa kulia kwa wa kwanza, jambo ambalo kwa msomaji wa Kiarabu ni kinyume.

Msomaji wa Makunduchi

Mwalimu, kwa vitabu vya Kiarabu nakushauri uitazame Okular. Ni programu ya bure iliyotengenezwa na KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu za bure, inafanya kazi kwenye Linux na kwenye Windows, na ndani ya mipangilio yake unaweza kuchagua usomaji wa kutoka kulia kwenda kushoto, ili ukurasa wa kwanza ukae kulia na wa pili ukae kushoto kwake. Mimi nasoma vitabu vya fiqhi kwa njia hiyo, na kwa mtu aliyezoea msahafu na kitabu cha karatasi tofauti yake ni kubwa mno, kwa sababu jicho halihangaiki kurudi lilikotoka.

Okular pia inakuruhusu kupiga mstari wa rangi juu ya maneno, kubandika maelezo pembeni ya ukurasa, na kujaza fomu zenye visanduku vilivyo hai. Kwa wanafunzi wa kidato cha nne naliona jambo hili kuwa la lazima: mtoto anayesoma bila ya kutia alama anasahau haraka, na kompyuta isimnyime kile ambacho penseli ilimpa. Wala isidhaniwe kuwa programu hii ni ya mashine mpya tu. Mwaka 2022 ilikuwa programu ya kwanza ya kompyuta kupewa alama ya mazingira ya Ujerumani iitwayo Blauer Engel, na miongoni mwa masharti ya alama hiyo ni kwamba programu iweze kufanya kazi kwenye kompyuta zenye umri wa miaka mitano na zaidi.

Tahadhari moja kuhusu Kiarabu, ambayo inahusu kisomaji chochote utakachochagua. Kusoma kwenye kioo ni sawasawa, lakini ukinakili aya kutoka kwenye PDF na kuibandika kwenye waraka wako, mara nyingine herufi hutoka zimeachana au zimepinduka mpangilio. PDF imeundwa ili kuhifadhi sura ya ukurasa, yaani umbo la kila herufi na mahali lilipo, na haikulazimishwa kuhifadhi mpangilio wa maneno yenyewe. Basi aya ya Qur'ani au hadithi isinakiliwe kwa njia hiyo bila ya kuhakikiwa herufi kwa herufi kwenye asili yake.

Fundi wa Mlandege

Nakubaliana na Msomaji kuhusu kurasa za kulia kwenda kushoto, na hapo Okular haina mpinzani kati ya hizi mbili. Sikubaliani naye kwamba iwe ndiyo programu ya kufungulia kila kitu kwenye mashine hii. Okular inapokuja Windows inakuja na mafaili saidizi mengi ya KDE inayoyategemea, kuipakua kunakula bando mara nyingi zaidi kuliko SumatraPDF, na kwa gigabaiti 2 za RAM, ambazo Windows yenyewe imeshazikalia sehemu kubwa, mtoto anayetaka kuangalia swali moja tu ataisubiri. Alama za rangi, kwa taarifa yenu, SumatraPDF nayo inaziweka tangu toleo la 3.3 la mwaka 2021: chagua mstari kwa mausi, bonyeza herufi a, nao unapigwa rangi, kisha uhifadhi mabadiliko ndani ya faili kabla ya kufunga. Kwa hiyo ningeziweka zote mbili, SumatraPDF ikiwa ya kila siku, na Okular ikaitwa kwa vitabu vya mama watoto. Kuwa na visomaji viwili hakuleti ugomvi ndani ya mashine.

Kuhusu kitabu cha picha: njia ipo, na ni ya bure. Pakua programu iitwayo NAPS2. Kazi yake ya asili ni kuendesha skana, lakini inaweza pia kuchukua PDF uliyonayo na kuzisoma picha zake. Ndani yake inatumia Tesseract, mtambo wa kutambua herufi ulioanzia kwenye maabara za Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kuwekwa wazi kwa umma mwaka 2005, na mtambo huo una data ya Kiswahili na ya Kiarabu. Mara ya kwanza utahitaji intaneti ili kushusha data ya lugha unayoitaka, na baada ya hapo utafanya kazi bila ya bando. Ingiza faili, washa sehemu ya OCR, yaani ya kutambua herufi, na uchague lugha, kisha hifadhi upya kama PDF kwa jina jingine ili faili la asili libaki salama. Utakachopata ni kurasa zilezile kwa sura, ila nyuma ya kila picha limewekwa tabaka la maandishi yasiyoonekana, na hayo ndiyo yatakayotafutwa. Kitabu cha kurasa mia mbili kitaichosha mashine yako, basi iache usiku umeme ukiwa imara.

Usitarajie ukamilifu. Kitabu kilichopigwa chapa vizuri kitasomeka kwa usahihi wa kuridhisha. Karatasi iliyofifia, iliyopinda au iliyotobolewa na wadudu itatoa maneno ya ajabu. Mwandiko wa mkono usiupeleke huko. Wazee wetu wameacha barua na hati nyingi za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mtu akizipiga skani atazihifadhi kama picha na kuzisoma kama picha. Kwa hizo njia nzuri ni kulipatia kila faili jina linaloeleza kilichomo, mwaka na mwandishi, ili utafutaji ufanyike kwenye jina la faili.

Mama wa Machomane

Naona fomu hazijajibiwa, na mimi nazijaza mara kwa mara, basi nitaeleza. SumatraPDF usiitegemee kwa fomu. Tumia Firefox. Kama fomu ina visanduku vilivyo hai, ukibofya ndani yake kishale cha kuandikia kitatokea na utaandika. Kama ni fomu ya picha au ya maandishi matupu yenye nukta nukta za kujazia kwa kalamu, Firefox tangu toleo la 106 la Oktoba 2022 ina kitufe cha kuandika maneno juu ya ukurasa, unayapanga mwenyewe yakae juu ya mstari wake. Ukimaliza, hifadhi, kisha ulifungue upya faili ulilohifadhi na ulisome lote kabla ya kulituma. Msiruke hatua hiyo. Fomu inayofika ofisini ikiwa tupu huhesabiwa kuwa haikujazwa, na muda wa maombi haumsubiri mtu.

Na mkikuta fomu inayofunguka kwa ukurasa mmoja tu wenye maneno ya Kiingereza ya Please wait, faili halijaharibika. Hiyo ni fomu ya aina ya pekee ambayo visomaji vingi vidogo haviwezi kuionyesha. Ijaribuni kwa Firefox, na ikishindikana basi Adobe Reader, ambayo kwa kusoma na kujaza fomu nayo ni ya bure.

Kwa nyaraka za Word, kwa sababu najua zitafuata, kisomaji cha bure alichokuwa akikitoa Microsoft kiliondolewa mwezi wa Novemba 2017, na msikitafute kwenye tovuti za watu wengine. Wekeni LibreOffice, programu ya bure inayozifungua nyaraka hizo.

Mwalimu wa Wete

Bi Mama, ahsante sana. Fomu ndiyo iliyokuwa ikinipeleka mjini kutoa kopi na kuipiga skani tena. Nimebakiwa na swali moja la mwisho. Nikiandika jina la SumatraPDF kwenye kivinjari nakutana na tovuti nyingi zenye vitufe vikubwa vya kupakua, na sijui ipi ni ya kweli. Na nikishaiweka, nitafanyaje ili watoto wakibofya faili lifunguke nayo na si kwa ile programu ya zamani?

Fundi wa Mlandege

Tovuti ya mwenye programu ni sumatrapdfreader.org, na ya Okular ni okular.kde.org, au uichukue Okular kutoka kwenye duka la programu la Microsoft lililomo ndani ya Windows. Andika anwani kwa mkono kwenye mstari wa juu wa kivinjari badala ya kufuata matokeo ya kutafuta, kwani matokeo ya mwanzo mara nyingi ni matangazo, na tovuti za kati huifunga programu ya bure pamoja na mizigo mingine ambayo hukuiomba. Kwenye tovuti hiyo ya SumatraPDF utaona pia toleo la kubebeka, ambalo halisakinishwi. Unalinakili kwenye flashi na kulifungua kutoka hapo. Ukipenda, shusha mara moja kwa bando lako na uwagawie walimu wenzako kwa flashi, leseni inaruhusu.

Maadam tumezitaja flashi, fanya jambo moja kwenye mashine hiyo. Windows huficha herufi za mwisho wa jina la faili, na virusi vingi vinavyozunguka kwa flashi huitumia nafasi hiyo: faili linaonekana limeandikwa Mitihani.pdf na lina picha ya waraka, kumbe jina lake kamili ni Mitihani.pdf.exe, na anayelibofya haufungui waraka, anaendesha programu ya mtu asiyemjua. Fungua dirisha la mafaili, ingia kwenye menyu ya View, utie alama penye File name extensions. Kuanzia hapo majina yataonekana kamili, na uwafundishe watoto kwamba waraka unaoishia na exe haufunguliwi hata kama umetoka kwa rafiki.

Ama kuifanya SumatraPDF iwe ndiyo ya kawaida: bofya faili lolote la PDF kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Open with, kisha Choose another app, ichague SumatraPDF kwenye orodha, na kabla ya kubonyeza OK tia alama kwenye kisanduku cha Always kilicho chini. Baada ya hapo iondoe ile programu ya zamani kupitia Settings, sehemu ya Apps, uizime mashine na kuiwasha upya. Vitabu vya mama watoto usivibadilishe chochote. Atavifungua kwa kubofya kulia na kuichagua Okular, au aifungue Okular kwanza na kuvichukua kutoka ndani yake.